CNC ya kuchonga milango: mkanda, skrubu ya T8 au ya gololi?

Kizota_Milango: Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo hapa Dodoma, nataka kuunda CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga nakshi kwenye mninga na mkongo. Meza mita 1 kwa 2. Kusogeza kisu nichukue mkanda wa meno wa GT2, skrubu ya kawaida ya T8 au ya gololi (1605, nati yake ina gololi ndani)? Na mota, NEMA 17 ndogo au 23 kubwa? Bei zimepishana mno.

chuma_mbao: NEMA 17 waachie wa printa za 3D. Mkongo unataka 23. Mkanda una mbio ila unavutika. Kisu kikikaza kwenye mbao ngumu, duara halitoki duara. T8 ndiyo usiiguse: unene milimita 8, urefu mita 2, ikizunguka kasi inapiga kama kamba ya kuruka.

Volti36: Hata 1605 kwa mita 2 itayumba, mkuu. Upande mrefu weka reli ya meno na pinioni (gia ndogo), upande wa mita 1 na Z (kupanda na kushuka) weka gololi. Hesabu yake rahisi: mota hatua 200 kwa mzunguko, draiva (kifaa kinachoendesha mota) ikigawa kila hatua kwa 16 ni 3,200. Skrubu ya 1605 husogea milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo GRBL (programu inayoongoza mashine) unaiandikia hatua 640 kwa milimita. Draiva ndogo ya A4988 haiwezi NEMA 23, tafuta DM542. Pawasaplai ya volti 36, siyo 12. Stepa (mota hizi za hatua) hupoteza nguvu kadiri mwendo unavyopanda, na volti ndogo inaharakisha hilo.

Kizota_Milango: Na umeme ukikatika kazi ikiwa katikati?

Volti36: Skrubu ya gololi haijifungi yenyewe. Spindo (mota inayozungusha kisu) ikiwa nzito, Z inaweza kushuka na kuchimba mlango wa mteja. Weka mota yenye breki, hata springi ya gesi inasaidia. Na usiache limiti swichi (swichi za mwisho wa mwendo), bila hizo huipati tena sifuri yako, yaani pale ulipoanzia.

dada_karakana: Kaka zangu mnaruka fremu! Bomba jembamba likichomelewa linapinda, reli nzuri haitaliokoa. Pia kiangazi chetu cha upepo unakijua: reli funika, grisi ikikaa wazi inashika vumbi.

Kizota_Milango: Shukrani dada. Reli ya meno naipata hapa mjini?

chuma_mbao: Kaulizie Kariakoo, Dar. SGR ya alfajiri, jioni umerudi. Ila pima upande mrefu wa fremu kwanza, ndipo ujue urefu wa kununua.