Aliyenusurika ajali ashukuru tu, au adai fidia?

Ustadhi aliyetufungulia mjadala huu ameshikilia kwamba abiria aliyetoka hai katika ajali ya matatu hapaswi kwenda mahakamani, kwa kuwa uhai wake ni neema tosha na kudai fidia juu yake ni kukosa shukrani. Tena, anasema, ajali haina kinga. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Anayeshukuriwa ni Mwenyezi Mungu, na anayedaiwa ni mwenye gari. Sioni vipi kumshukuru wa kwanza kunamfutia deni wa pili.

Jirani yangu, mama anayeuza mitumba Kongowea, alivunjika mguu matatu ilipopinduka kwenye barabara ya Malindi. Akiwa bado wodini, mwenye gari alimjia na mfuko wa machungwa, wazee wawili, na karatasi iliyochanwa daftarini, ikiwa imekwisha kuandikwa kwamba amepokea shilingi 15,000 na hatadai zaidi. Wazee walizungumza kwa urefu juu ya kumshukuru Mola. Juu ya mguu hawakusema kitu. Mama akatia dole gumba. Baadaye alitakiwa kurudi kupasuliwa ili vyuma vitolewe, na fedha zile zilikuwa zimekwisha zamani kwa dawa na nauli za tuktuk.

Ajali haina kinga, kweli, na ndiyo sababu sheria ya Kenya ikamlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya kuwalinda watu wengine, ambayo kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Malipo ya bima hiyo hutoka katika nauli tunazotoa kila siku, kwa hiyo abiria anayedai haombi hisani ya mtu. Kesi ya kuumia huweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, ingawa anayeidai Serikali ana miezi 12 tu.

Hoja ya kadari, kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu tu, nayo ina mipaka. Wengi wetu hapa Mombasa tunaikumbuka feri ya MV Mtongwe, iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272. Feri hiyo ilijengwa kubeba watu 300, na siku ile ilikuwa imejaza kupita kiasi. Ajali ya namna hiyo tukiiita kadari na kunyamaza, tunamsitiri aliyeiruhusu ing'oe nanga ikiwa imejaa.

Kwa kuwa Ustadhi ameleta dini, na tuitazame. Aya ya 92 ya Sura An-Nisaa, inayohusu kuua kwa kukosea, inaamuru diya, yaani fidia ya damu, ikabidhiwe jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiisamehe iwe sadaka. Yaani haki inathibiti kwanza, kisha msamaha hutoka kwa mwenye haki, kwa hiari yake. Naelewa kwamba aya inazungumzia kifo, si majeruhi, lakini sidhani kwamba aliye hai alikusudiwa kupata heshima ndogo zaidi.

Nakiri kwamba upande wa madai una uchafu wake. Wapo madalali wanaozungukazunguka hospitalini wakitafuta majeruhi wa kuwapelekea mawakili, wapo wanaojaziwa majeraha wasiyoyapata, na kesi nyingine huchukua miaka mingi, fidia ikatoka mdai amekwisha choka. Kwa hiyo wanaochagua kumalizana nje ya mahakama siwalaumu hata kidogo, maadamu wamekwisha toka hospitali, wana ripoti ya daktari na hati ya polisi mkononi, na wamemuuliza mtu asiyelipwa na mwenye gari.

Basi Ustadhi anijibu hili: ikiwa sheria imempa majeruhi miaka 3 ya kufikiri, na kusamehe kuna thawabu wakati wowote, kwa nini karatasi ya kusamehe ipelekwe kitandani kabla daktari hajajua kama mguu utaunga?