Streptomaisini imegoma kwenye maepo, tufanyeje?

Kijana wa Ridge: Wakuu habari zenu, niko Michigan karibu na Grand Rapids, nafanya kazi shamba la maepo, mwaka huu ule ugonjwa wa bakteria wanaouita faya blaiti umetushika vibaya mno. Tulipiga streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, maua yalipochanua tukarudia na mara ya pili, lakini bado ncha za matawi zimekauka zikajikunja kama mpini wa mwavuli, na gome linatoa vitone rangi ya asali, ukigusa vinanata. Bosi anataka tuongeze dozi tupige tena. Kuna yeyote yamemkuta haya?

bwanashamba77: Pole sana mdogo wangu. Msipige tena aisee! Ukishaona dalili ujue bakteria wako ndani ya mti na dawa haiwafikii, ile kazi yake ni kulinda ua tu basi. Mkizidisha mnaua wale dhaifu mnawaachia shamba wale sugu, yaani wasiokufa kwa dawa hiyo. California walianza kuona usugu huu 1971 kwenye mapeasi, hapo kwenu miaka ya 90 mwanzoni, na wengi wa hao wa Michigan jeni za usugu ziko kwenye plazimidi, yaani kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja anamgawia mwenzake, na hizo jeni zinatengeneza kimeng'enya kinachoiharibu dawa yenyewe, sasa dozi itasaidia nini hapo?

Mama Tunda: Kakangu hapo juu kasema kweli. Mwanangu, shikeni mkasi, kateni siku kavu, sentimita 30 chini ya palipoungua, matawi myatoe shambani mchome, maana hivyo vitone ndo mvua na wadudu wanavisambaza. Halafu pelekeni tawi maabara wawapimie usugu kabla ya msimu ujao. Kama ni sugu kuna dawa nyingine, kasugamaisini, Marekani waliiruhusu 2014, ila nawaomba sana msiipige mfululizo, hiyo nayo tukiichezea itatuponyoka. Oksitetrasaiklini ipo pia lakini yenyewe inawazuia kuzaliana tu, haiwaui, kwa hiyo ipigwe siku moja hivi kabla ya mvua na joto, maua yakiwa wazi.

Kijana wa Ridge: Asanteni sana kaka na mama. Bosi nimemsomea yote haya, kakubali, leo tumekata safu nne. Ukichana gome kwa kisu ndani ni jekundu jekundu, mpaka chini kuliko tulivyodhani. Kesho sampuli inaenda maabara, majibu nitaleta hapahapa.