Kompyuta 18 za mtumba shule ya kata: Windows, Linux Mint au Kolibri? Wa Nyanda za Juu Kusini njooni

TichaUyole
Wakuu, habari za jioni. Shule yetu iko nje kidogo ya Uyole. Wanafunzi wetu wa zamani wamechanga wakatuletea kompyuta 18 za mtumba. Nyingi zina RAM ya GB 2, chache GB 4, na mbili ni za kizamani kabisa, biti 32. Zote zimekuja na Windows 7, ambayo iliachwa kuhudumiwa tangu Januari 2020. Kuna fundi kaniambia, "Mwalimu, toa elfu kumi kila mashine nikupigie Windows 10 ya kraki, isiyo na leseni, habari imeisha." Mkuu wa shule kaipenda bei. Mimi roho inasita. Intaneti yenyewe ni bando la simu yangu. Nilinganishieni na hivi vya bure ninavyosikia, Linux Mint na Kolibri.

FundiKabwe
Kupiga Windows ndiyo ugali wangu hapa Kabwe, kwa hiyo sina chuki nayo. Ila Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka angalau GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa mashine hizo sahau. Halafu kraki: jambo la kwanza unaloambiwa ni "zima antivairasi". Jiulize kwa nini. Muhula haujaisha, kila flashi ya shule imejaa shotikati badala ya mafaili.

Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce. GB 2 inatosha, mradi watoto wasifungue tabo kumi kwa mpigo. Zile za biti 32 jaribu LMDE 6, Mint yenye toleo la biti 32, zikichosha zifungue wazi, watoto waione mazabodi kwa macho badala ya kuichora ubaoni.

BintiNjombe
Kamwene. Naomba nipinge kidogo, maana nimeumia. Shuleni kwetu alikuja kijana wa kujitolea, akaweka Ubuntu, Linux ya aina nyingine, mashine 12, kazi safi. Akaondoka na pasiwedi kichwani. Printa mpya ikaja, kila tukitaka kuiweka inadai pasiwedi, namba ya kijana haipatikani. Miezi minne printa imekaa ndani ya boksi lake, sisi tunashuka mjini kuchapa kwa kulipia.

Na kuchapa kwenyewe sasa! Nilitunga mtihani wa majaribio kwenye LibreOffice, ile ya bure inayofanya kazi ya Word, nikaupeleka steshenari, wakaufungua kwa Word. Swali la kuoanisha: Orodha A ikabaki ukurasa wa kwanza, Orodha B ikahamia wa pili, nusu yake imepanda juu ya picha ya moyo wa binadamu. Nakala 140, zimeshalipiwa.

FundiKabwe
Pole dada. Hapo kosa kubwa ni fonti. Calibri, herufi za kawaida za Word, ni mali ya Microsoft, Linux haiji nayo. Weka Carlito, upana wa herufi zake ni uleule, mistari haihami. Na steshenari peleka PDF, docx, faili la Word, ibaki kwako.

MzeeWaKihesa
Vijana mmenikumbusha mbali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure, menyu zote Kiswahili. Tuliweza kufanya hivyo kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hatukuomba ruhusa ya mtu. Na zile CD za Ubuntu za Shuttleworth, yule wa Afrika Kusini, zilikuwa zinatumwa bure kwa posta mpaka 2011. Zangu zilifika Iringa kwenye bahasha, karani akaniuliza nimeagiza kanda za kwaya?

NesiTukuyu
Kwa wanaodhani vya bure havina kazi ya maana: takwimu za vituo vya afya nchi hii zinaingia DHIS2, mfumo wa msimbo wazi uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo. Naendelea kusoma.

Mkwawa_ICT
Ticha, Kolibri usiipambanishe na Windows wala Mint. Hiyo ni maktaba, inakaa juu ya mfumo wowote. Chukua mashine moja ya GB 4 iwe seva, ungana na ruta ndogo, zile nyingine zinasoma kwa brauza bila bando hata kidogo. Masomo yapakue mjini mara moja, uyabebe kwenye diski. Chagua mada, usibebe Khan Academy nzima, yale masomo ya video,, utajaza diski. Menyu ipo ya Kiswahili, lakini video nyingi ni Kiingereza na hazifuati muhtasari wetu, kwa hiyo kuoanisha na andalio la somo ni jasho lako.

BintiNjombe
Na watoto wakienda kutafuta kazi, huko watakuta Word. Usiwanyime kabisa.

TichaUyole
Nimewaelewa. Mbili zitabaki na Windows 7 yake ileile, haziguswi na intaneti. Moja Kolibri. Zilizobaki Mint, na pasiwedi naiandika daftari la vifaa analotunza makamu mkuu. Jana nimepiga nne. Ya tano imegoma kuwaka kwa flashi, BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, nayo inadai pasiwedi.

FundiKabwe
Chomoa waya wa umeme, toa kale kabetri ka duara kwenye mazabodi, subiri dakika kumi, urudishe. Ikikataa panda nayo daladala Jumamosi, uje mapema kabla wateja hawajajaa.

TichaUyole
Imekubali. Ndaga fijo.