Wenyeji wa Tabora, chumba cha kawaida bei gani? Nataka kuhama Kigoma wiki hii

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa dagaa hapa Kigoma, napanga Mwanga. Kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu nataka kuhamia Tabora haraka. Naomba wenyeji mnisaidie: chumba cha kawaida maeneo ya Isevya, Ng'ambo au Kiloleni kinaenda shilingi ngapi, na kodi wanataka ya miezi mingapi? Sina ndugu huko. Mke wangu ni mjamzito, yeye atanifuata baadaye. Sitaki matusi, nina mengi kichwani. Nawasilisha.

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Karibu sana mkuu, huku asali ipo na maembe msimu wake hatununui, tunaokota. Chumba bila umeme unaweza kupata cha 25,000, chenye umeme jiandae zaidi, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Nina dalali wangu, nampigia sasa hivi. Ila nikuulize kitu. Mfanyabiashara akihama huanza kuuliza soko. Wewe umeanza na chumba. Nani anakukimbiza?

Kahawa ya Ujiji
Hapa ni mwisho wa reli, watu huja kujificha, hawatoki kwenda kujificha. Sema ukweli, umempa mtoto wa mtu mimba?

Mgebuka Mkavu
Si mimba. Ijumaa usiku kama saa nne natoka mwaloni Kibirizi, nimeshafika kichochoro cha karibu na ninapoishi, nikavamiwa na mtu mwenye kisu. Giza totoro, sura sikuiona. Alitaka pochi ya kiunoni. Nikajitetea, Mungu akasaidia nikapona, yeye akaumia. Basi. Tangu hapo huu mtaa siuwezi. Tusiende mbali wakuu, naomba bei za vyumba.

Sensei wa Gungu
Hongera sana, hao ndio wanaume tunaowataka. Vijana jifunzeni mapigano. Mtu akikujia na kisu unatoka kwenye mstari wake, unadaka kifundo cha mkono, unazungusha kiwiko, kisu chenyewe kinaanguka. Sekunde mbili tu. Nafundisha Jumamosi na Jumapili.

Kizibo
Sensei, si wewe uliyeanzisha uzi hapa mwaka jana unaomba msaada wa kurudisha laini baada ya kuporwa simu stendi?

Sensei wa Gungu
Walikuwa wawili.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu
Wanangu, hela inatafutwa, uhai hautafutwi. Ungempa hiyo pochi leo ungekuwa na mkeo unakunywa uji. Kizazi hiki kila mtu anataka kuwa askari. Kisasi ni cha Mungu.

Kizibo
Shikamoo Mwalimu. Wewe una pensheni. Pochi ya mchuuzi wa dagaa ina mtaji wa watu watatu na marejesho ya kikoba.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu
Marahaba. Na maiti inalipa marejesho?

Mama Zawadi
Mleta uzi pole. Mimi siongelei bei za vyumba, nimeolewa Tabora lakini kwetu ni Nguruka. Kaka yangu aliamka usiku akakuta wezi zizini. Mmoja akamjia na panga, kaka akamwahi na mkuki, yule akafa palepale. Asubuhi kijiji kizima kilishangilia, mpaka akina mama walipiga vigelegele. Mchana polisi wakaja wakamchukua, maana mtu amekufa na kesi ya mauaji haina dhamana. Alikaa mahabusu miaka, nasema miaka, ndipo Mahakama Kuu ikamwachia. Ikakubali kabisa kwamba alijitetea. Karudi kakuta ng'ombe wameuzwa kwa nauli za kwenda kumwona na kula ya watoto, mke karudi kwao, na mtoto wa mwisho anamwita mjomba. Wale wa vigelegele sasa hawamwiti hata kwenye palizi, wanasema ana mkosi. Hakufanya kosa lolote na sheria ilimpa haki yake. Lakini mpaka leo ukitaka kumwamsha usimguse. Unasimama mlangoni unamwita jina, tena kwa mbali, kisha unasubiri.

Kahawa ya Ujiji
Mama umenitoa machozi nikiwa kijiweni, watu wananiangalia.

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Ndiyo maana sisi tuliunda sungusungu toka miaka ile ya 80. Ukiona mwizi unapiga yowe, mnatoka wote. Mkitoka wote hakuna mtu mmoja wa kubebeshwa kesi.

Kizibo
Mkuu hapo umesifia au umekiri?

Mtoto wa Kibirizi
Subirini kwanza. Mimi nimezaliwa mwaloni na dagaa nimeacha ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024, nikahamia mawese. Ijumaa hii mwezi ulikuwa mpevu, umekaa juu kama sinia. Kila mtu wa ziwani anajua mbalamwezi mitumbwi inakaa nchi kavu, kwa sababu dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwaka. Sasa huyu ndugu alitoka Kibirizi saa nne usiku kununua dagaa gani? Na hilo giza totoro alilitoa wapi? Chai hii, uongo mtupu.

Kizibo
Chai na mkate wa kumimina. Sehemu ya pili tutaambiwa tutume buku.

Kahawa ya Ujiji
Na machozi yangu je? Wasimamizi, hamishieni uzi huu jukwaa la hadithi.

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Jamani mimi dalali nimeshampigia!

Sensei wa Gungu
Mimi nilijua toka mwanzo. Mtu aliyepambana kweli angetaja alisimamaje.

Mgebuka Mkavu
Mtoto wa Kibirizi, mbalamwezi ndiyo siku tunazodaiana. Wavuvi wako nyumbani, unawakuta. Nilikwenda kukusanya hela zangu, sikwenda kununua. Na ndiyo, mwezi ulikuwepo. Nilimwona.

Ni mtoto wa mwenye nyumba wangu. Ndiye aliyekuwa ananibebea magunia, kusoma mzani nimemfundisha mimi. Alijua siku zipi natembea na hela. Nilimwita jina lake, akasita, halafu akaja tena. Mkono wa kushoto nikadaka kisu upande wa makali. Kulia nilikuwa na jiwe la mzani la kilo mbili ndani ya mfuko wa salfeti. Nikampiga nalo. Mmeridhika?

Karani wa Zamani
Kijana, mimi si wakili, lakini nimekaa mahakamani nikiandika majalada mpaka macho yakaisha. Mambo mawili tu. Kisu kilianguka lini? Na huyo mtoto yuko wapi saa hizi?

Mgebuka Mkavu
Kilianguka pigo la kwanza. Yuko hospitali, hajafungua mdomo toka Ijumaa.

Karani wa Zamani
La kwanza.

Mgebuka Mkavu
Mzee wangu, wewe hukuwepo. Mtu yuko chini anajivuta kuelekea kilipo kisu, au mimi niliona anajivuta, utainama umuulize anakwenda wapi? Nilipiga tena. Sijui mara ngapi. Masikio yalikuwa yameziba, kwamba nilikuwa napiga kelele nimeambiwa na watu. Nilikuwa naona mkono wake tu, nyumba sizioni, ukuta siuoni.

Watu walipofika walitukuta wote wawili chini, damu kila mahali, wakadhani tumevamiwa pamoja. Sikuwasahihisha. Mama yake kaniletea uji asubuhi, ananiambia pole mwanangu, Mungu atawaponya wewe na mwenzio. Tunalala ukuta mmoja. Usiku nasikia anavyomuombea. Sasa mniambie nibaki hapo? Tiketi ya basi la alfajiri nimeshakata. Sikuja hapa kuhukumiwa.

Kizibo
Mimi naomba radhi kwa ile ya buku.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu
Na uji ukaunywa?

Mgebuka Mkavu
Nikaunywa, Mwalimu. Ningeukataa kwa sababu gani?

Mama Zawadi
Mwanangu, huyo mama siku mwanawe atakapofumbua mdomo atakumbuka kile kikombe kuliko lile jiwe.

Karani wa Zamani
Haya, nisikilize. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 inakupa haki ya kujitetea wewe na mali yako, kwa nguvu ya kadiri. Mtu kakujia na kisu usiku, pigo la kwanza hakuna hakimu atakayekusumbua nalo sana. Mahakama itakwenda kukaa kwenye yale yaliyofuata. Uliogopa kwa haki, au kisu kilikuwa mbali na wewe una hasira? Mtu akifa na ikaonekana ulizidisha, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Wakilisoma kama mauaji, dhamana usiitaje. Akipona, kuna kujeruhi vibaya, mpaka miaka 7. Hapo sijasema utafungwa. Nimeona watu wakitoka huru kwa hadithi ngumu kuliko yako, kwa sababu walifika kituoni wenyewe mapema na maelezo yao hayakubadilika. Wewe hapa jukwaani tu umeshatoa maelezo matatu. Kwanza sababu zilizo nje ya uwezo wako, ikaja giza totoro, sasa mbalamwezi. Ukipanda hilo basi, huo uongo wa kichochoroni utabaki Mwanga unakusemea wewe ukiwa Tabora.

Kisu kiko wapi?

Mgebuka Mkavu
Ninacho. Nilikiosha, kilikuwa na damu yangu.

Karani wa Zamani
Lahaula. Hiyo damu ndiyo ilikuwa shahidi wako.

Nesi wa Zamu
Samahanini, nimetoka zamu sasa hivi nimesoma haraka haraka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Damu yako ilitoka wapi? Huo mkono uliodaka makali umeonwa na nani?

Mgebuka Mkavu
Hakuna. Nimeumwagia spiriti nikafunga kitambaa. Hospitali watataka PF3, ile fomu ya majeruhi, na PF3 inatoka polisi.

Nesi wa Zamu
Jaribu kukunja vidole kimoja kimoja uniambie.

Mgebuka Mkavu
Gumba na viwili vya jirani yake vinakunja. Cha pete na kidogo havikunji. Vimelala tu. Nilidhani ni uvimbe.

Sensei wa Gungu
Ndiyo maana nasema udake kifundo, si makali.

Nesi wa Zamu
Sensei kaa pembeni kidogo, mdogo wangu. Mleta uzi, huenda kano zimekatika, ile mishipa inayovuta vidole. Zikikaa siku nyingi zinajivuta kuelekea kiganjani na daktari anazitafuta kwa shida. Unafunga magunia kwa mkono upi? Halafu kuna pepopunda, kisu cha mtaani hukijui kilikata nini jana yake. Na kingine sipendi kukiuliza hapa lakini nauliza: damu yake iliingia kwenye kidonda chako?

Mgebuka Mkavu
Tulikuwa tumelaliana. Itakuwa iliingia. Kwa nini?

Nesi wa Zamu
Kwa sababu kuna dawa za kukinga VVU, PEP, na zinaanzwa ndani ya saa 72. Unameza siku 28. Zaidi ya saa 72 hatukupi, hazina maana tena. Ijumaa saa nne usiku mpaka sasa Jumapili saa nne ni 48. Kesho utakuwa umeshinda kwenye basi, Uvinza, Kaliua, Urambo, unashuka Tabora mgeni, hujui hata hospitali iko upande gani. Na una mke mjamzito. Nenda leo. Mwenye jeraha kama hilo sisi tunamhudumia kwanza, mambo ya karatasi yanafuata.

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Mkuu, sikufukuzi, lakini dalali nimemwambia asubiri.

Mgebuka Mkavu
Lakini Nesi, hayo mambo ya karatasi yakifuata si ndiyo nitakuwa nimejipeleka mwenyewe?

Karani wa Zamani
Ndiyo. Utakuwa umejipeleka. Na daktari ataandika kwenye hiyo PF3 kwamba kiganja kimekatwa kwa kitu chenye ncha kali, kimekatwa kwa ndani, kama cha mtu aliyedaka kisu. Kisu umeshakiosha, shahidi uliyebaki naye ni huo mkono, na kila siku unavyopona unasahau. Nenda na mtu mzima mmoja. Ukifika usipambe. Sema ulimwita jina, sema ulipiga tena, sema uliogopa.

Mgebuka Mkavu
Na wakiniweka ndani?

Karani wa Zamani
Inawezekana wakakuweka. Siwezi kukudanganya mwanangu.

Mama Zawadi
Kaka yangu naye aliwekwa. Lakini alikwenda kila mtu anajua kwa nini. Na mimi ningekuwa wewe, kabla ya kituo ningegonga mlango wa pili.

Kahawa ya Ujiji
Mama, huo mlango ni mgumu kuliko kituo.

Mgebuka Mkavu
Huo siwezi. Msiniambie tena huo.

Mtoto wa Kibirizi
Mimi bado nasema kuna chai humu ndani, hata kama si birika zima. Ila kama si chai, nina pikipiki na mafuta yapo. Sema uko sehemu gani ya Mwanga nije nikupeleke hospitali.

Mgebuka Mkavu
Nimekutumia ujumbe. Usije na watu.

Mtoto wa Kibirizi
Nimeuona. Nakuja peke yangu. Ila nikwambie mapema usije ukaruka kwenye pikipiki, mwenyekiti wa mtaa wako ni shemeji yangu na nyumba yake iko njiani, tutampitia.