Walter Brennan: alizeekaje kabla ya uzee, na zile Oscar tatu zilipatikanaje?

Mtazamaji_wa_Usiku
Wakuu, habari zenu. Kwenye Rio Bravo (1959) kuna yule mzee mlalamishi anayelinda mahabusu na bunduki yake, Stumpy. Kumbe ndiye Walter Brennan, mzaliwa wa Lynn, Massachusetts, mwaka 1894, mwenye Oscar tatu. Naomba kueleweshwa:
- The Westerner ni ya 1940. Alikuwa na miaka 46 tu, mbona ni kizee tayari? Ni meikapu?
- Nasikia Oscar zake zilitokana na kura za waigizaji wa ziada, wale wa kujaza umati. Kweli?
- Mbona orodha za filamu zake hazilingani hata kidogo?
- Nianze na ipi?

Meno_Mfukoni
Mkuu, meikapu ilichangia kidogo tu. Kazi kubwa ilikuwa ya meno. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliumia usoni akiwa kazini, akapoteza meno mengi, ikabidi atumie ya bandia. Akiyavua, mashavu yanabonyea, kidevu kinapanda kuelekea puani, midomo inakunjamana na maneno yanatoka na upepo. Miaka ishirini inaongezeka papo hapo, bila mtu wa meikapu kugusa brashi.

Mwongozaji Howard Hawks alipenda kusimulia walivyokutana kwa ajili ya Barbary Coast (1935). Brennan alimuuliza kama anataka "na" au "bila". Hawks akashangaa, na nini? Meno! Sehemu aliyopewa ilikuwa ndogo, ikapanuliwa, na kuanzia hapo wakawa watu wa kuitana.

Ila ukidhani meno ndiyo siri yote utakosea. Mtazame anavyotembea. Stumpy anaburuta mguu mmoja. Eddie, mlevi wa To Have and Have Not (1944), hana kilema cha mguu, ila mwili mzima unarukaruka na kushtuka kama mtu aliyechelewa kupata kinywaji chake. Amos McCoy wa kipindi cha televisheni The Real McCoys (1957–1963) anachechemea huku mkono ukipepea pembeni. Wote watatu ni "wazee wa Brennan", na huwezi kuchanganya mmoja na mwingine hata ukizima sauti.

Bamba_la_1936
Nijibu la Oscar. Tuzo ya mwigizaji msaidizi ilianza na filamu za mwaka 1936, na yeye ndiye mwanamume wa kwanza kuichukua, kwa Come and Get It. Ya pili ni Kentucky (1938), ya tatu The Westerner (1940), pale alipocheza Jaji Roy Bean. Hakuna mwigizaji, wa kike wala wa kiume, aliyefikisha tatu kabla yake. Mwaka uliofuata aliteuliwa tena kwa kumcheza mchungaji wa kanisa kwenye Sergeant York, akashindwa na Donald Crisp.

Wasichosema wengi: washindi wa kundi hilo hawakupewa sanamu kamili miaka ile. Walipewa bamba lenye sanamu ndogo juu yake. Sanamu kamili zilianza kutolewa kwa wasaidizi kwenye sherehe ya 1944. Kwa hiyo picha ya zamani ukimwona ameshika kitu bapa, usidhani ni tuzo nyingine.

Kuhusu kura: waigizaji wa ziada walikuwa na haki ya kupiga kura katika sehemu ya kipindi hicho, na walikuwa wengi kuliko kundi lolote. Brennan alitoka kwao. Miaka ya 1920 alipata fedha kwenye biashara ya ardhi Los Angeles, soko likaporomoka, akaenda studio kujaza umati ili familia ile. Walimpenda kama mtoto wa nyumbani. Haki hiyo iliondolewa baadaye, miaka ya 1940. Kwa maoni yangu kura hizo zinaeleza Kentucky, maana mwaka ule John Garfield kwenye Four Daughters na Robert Morley kwenye Marie Antoinette walikuwa na kazi nzito kuliko yake. The Westerner haihitaji maelezo. Amempora Gary Cooper filamu, na Cooper ndiye steringi! Tazama uso wa jaji Cooper anapodai ana shungi la nywele za Lillie Langtry, mwigizaji wa jukwaani ambaye jaji anamhusudu. Mtu aliyekuwa tayari kumnyonga mgeni anageuka kijana anayeona haya.

Orodha_Ndefu
Orodha hazilingani kwa sababu zamani studio hazikuandika majina ya waigizaji wadogo mwishoni mwa filamu. Brennan ana miaka karibu kumi ya kazi za namna hiyo: dakika moja, sentensi mbili, kwaheri. Yumo kwenye The Invisible Man (1933), yule mtu wa baiskeli, na yumo kwenye Bride of Frankenstein (1935), jina lake halimo. Wengine wanahesabu kazi zenye jina tu, wengine wanaongeza hizi, wengine wanachanganya na televisheni. Ukitaka kuhesabu, amua kwanza unahesabu nini. Na usiamini sura pekee kwenye matukio ya umati, wengi wamemwona Brennan mahali ambapo hakuwepo.

Meno_Mfukoni
Pa kuanzia: baada ya Rio Bravo usiende kwenye kichekesho kingine. Nenda moja kwa moja My Darling Clementine (1946), awe mzee Clanton. Ile sauti ya kukwaruza unayoichekea kwa Stumpy hapa imeshushwa, imepoa, haina mzaha. Kuna tukio anawachapa wanawe watu wazima kwa mjeledi kwa sababu wamechomoa bastola bila kuua. Ukishaliona hilo utajua ule uzuzu wa Stumpy ni uigizaji mtupu.

Kisha Red River (1948), mpishi Groot. Anayapoteza meno yake ya bandia kwenye kamari, na aliyeyashinda anamkopesha wakati wa kula tu! Halafu Bad Day at Black Rock (1955), ukitaka kumwona bila vituko.

Bamba_la_1936
Na mwenye swali ajue mapema: nje ya kamera Brennan alikuwa mhafidhina mkali wa siasa. Alimuunga mkono Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican, mwaka 1964, na 1972 akaona hata Rais Nixon hatoshi, akamfuata John Schmitz, mgombea wa mrengo wa kulia zaidi. Harakati za haki za raia alizipinga waziwazi. Kuna wanaoshindwa kumtazama kwa sababu hiyo, na siwalaumu. Alifariki Oxnard, California, Septemba 21, 1974, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 80.

Mtazamaji_wa_Usiku
Shukrani wakuu. Red River ninayo tayari, ya dakika 133. Ndiyo yenyewe?

Orodha_Ndefu
Hapo kuna mtego. Zipo mbili. Ya dakika 133 ina kurasa za kitabu zenye mwandiko zinazotokea kati ya matukio kukueleza kinachoendelea. Ya dakika 127 haina kitabu. Msimulizi ni Brennan mwenyewe, kwa sauti ya Groot, na mwisho wake umekatwa kidogo kwenye ule ugomvi wa John Wayne na Montgomery Clift. Kwa hadithi yenyewe, uliyonayo inatosha. Kama unamfuatilia Brennan, tafuta ya 127, maana hiyo uliyonayo imekunyima sauti yake ya usimulizi karibu filamu nzima.