MREJESHO: Kijana wangu na hoki ya barafu

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tatu niliuliza kama nikope hela ili mwanangu wa miaka 13 aingie timu ya AAA, ngazi ya juu kabisa kwa umri wake hapa Edmonton, Kanada. Wengi mlisema nisithubutu. Sikukopa.

Alikwenda kwenye mchujo, akaachwa. Tulirudi nyumbani kimya, begi lake likinuka gari zima (aliyewahi kunusa glovu za hoki ananielewa). Sasa yuko AA, ngazi moja chini. Kule AAA pengine angesugua benchi. Hapa anaingia barafuni kila zamu.

Viatu vya kutelezea tulichukua vya mtumba, tukavinoa visu vya chini, vinateleza safi. Kofia ngumu nilinunua mpya, hapo sikubana. U15 (chini ya miaka 15) ndipo wanaporuhusiwa kupigana vikumbo, na wiki ya kwanza alirudi bega limevilia damu. Mama yake hadi leo hataki kutazama mechi.

Na yule mkuu aliyesema ukipitia ligi za CHL (ligi kubwa za vijana za Kanada) vyuo vya Marekani vinakufungia mlango: utaratibu umebadilika, tangu Agosti 2025 NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, inawapokea wachezaji wa CHL.

Mazoezi kesho saa 12 asubuhi. Nikalale.