Ng'ombe waligoma joshoni na mwanangu mwenye usonji akagoma palepale: je, kuna uhusiano?

Mama Baraka, Dodoma

Ndugu zangu, naomba mnisaidie katika jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita. Mwanangu ana miaka 9 na ana usonji. Huongea maneno machache, kelele humtesa, na akivalishwa shati lenye lebo shingoni hulivua hata tukiwa kanisani. Sisi ni wafugaji wadogo, tuna ng'ombe 14, na huwapeleka kuogeshwa dawa ya kupe kwenye josho la kijiji. Siku hiyo nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia.

Ng'ombe walifika kwenye mdomo wa kichochoro cha kuingilia joshoni, wakasimama. Vijana wakawachapa fimbo, wakawasokota mikia, mmoja akarudi kinyumenyume na kumkanyaga mwenzake, ikawa vurugu tupu. Mwanangu naye alikuwa amesimama hatua chache nje ya uzio, ameziba masikio, macho ameyakaza upande wa kulia. Nilipoyafuata macho yake niliona kipande cha bati kilichong'oka msumari kwenye paa la banda la dawa. Upepo ukivuma kinainuka, jua linakipiga kinameta, kisha kinashuka na kugonga mbao kwa mlio mwembamba ambao mimi sikuwa nimeusikia kabisa mpaka nilipokiona. Nilimwomba kijana mmoja apande akakigandamize kwa jiwe. Tukatulia kidogo. Jike letu jekundu, ambaye ndiye huwaongoza wenzake, alinusa sakafu, akaingia, nao wakamfuata, isipokuwa dume mmoja aliyekuwa amepigwa sana, ambaye hakukubali tena siku ile.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba kuna mwanamke Mmarekani mwenye usonji ambaye amekuwa mtaalamu mkubwa wa ng'ombe kwa sababu ya jinsi anavyoona mambo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nifanyeje nikilieleza hili mbele ya watu, maana jirani yangu aliposikia alisema, "Kwa hiyo mtoto wako ni kama ng'ombe," na nikakosa jibu?

Afisa Mifugo Mstaafu

Mama Baraka, pole kwa neno la jirani, na hongera kwa kuyafuata macho ya mtoto, kwani wengi wetu tungemvuta mkono tukamwondoa pale.

Ni kweli. Mwanamke huyo ni Temple Grandin, aliyezaliwa Boston mwaka 1947, naye ni profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Alichelewa kusema mpaka alipokaribia miaka minne. Ameandika kwamba kengele ya shule ilimchoma masikioni kama keekee ya daktari wa meno inapogusa neva, na kwamba tangu alipobalehe aliishi na hofu isiyokuwa na sababu ya kuonekana. Akiwa msichana alipelekwa kwenye shamba la ng'ombe la shangazi yake huko Arizona. Pale aliwaona ng'ombe wakiingizwa kwenye kibanio cha kuchanjia, mbao mbili zikiwabana mbavuni, na akaona kwamba baadhi yao, waliokuwa wakitapatapa, walitulia mara walipobanwa. Alimwomba shangazi yake ambane naye. Hofu ikashuka. Baadaye alijitengenezea mashine yake ya mbao ya kujibania, na ingawa watu wazima kadhaa shuleni waliiona kuwa jambo la aibu, mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, alimwambia kwamba kama anaamini inatuliza, basi aende akatafute kwa nini inatuliza. Ndiyo safari iliyomfikisha kwenye shahada ya uzamivu mwaka 1989.

Sasa nije kwenye bati lako, maana hapo ndipo penye somo lenyewe. Katika miaka ya 1970 wafugaji wa Marekani walikuwa wakilalamika kwamba ng'ombe wanagoma kuingia kwenye vichochoro bila sababu. Grandin aliingia mwenyewe ndani ya vichochoro hivyo, akainama mpaka usawa wa macho ya ng'ombe, na kupiga picha zisizo na rangi ili aone vivuli na mng'ao kwa ukali wake. Alikuta mnyororo unaoning'inia na kucheza, koti lililotundikwa kwenye uzio, dimbwi linaloakisi mwanga, kivuli cha nguzo kilichokata sakafu, mtu aliyesimama mbele, mlango unaotoka kwenye mwanga kuingia gizani. Vitu hivi vilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, lakini wafanyakazi walikuwa wakimwona ng'ombe mkaidi, hawaoni mnyororo.

Maumbile yenyewe yanaeleza mengi. Macho ya ng'ombe yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, zaidi ya nyuzi 300, isipokuwa sehemu ndogo nyuma ya mkia. Lakini upana huo una gharama yake: kimo na kina cha kitu kilicho chini mbele yake si rahisi kukipima, na ndiyo maana jike lako liliinamisha kichwa likanusa kabla ya kukanyaga. Kwa upande wa masikio, ng'ombe husikia sauti nyembamba zenye mitetemo inayofikia 35,000 kwa sekunde, ilhali sikio letu huishia kwenye 20,000. Mlio wa bati likigonga ubao ulikuwa mkubwa zaidi kwao kuliko ulivyokuwa kwako, na kwa mtoto wako huenda hivyohivyo, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Sikio la mtoto si la ng'ombe. Kinachofanana ni kwamba wote wawili hawawezi kuutupa mlio huo pembeni kama sisi tunavyoutupa bila kujua.

Nilifanya kazi ya mifugo miaka 31, na ninakiri kwa uchungu kwamba katika miaka ishirini ya mwanzo sikuwahi hata siku moja kupita mwenyewe ndani ya kichochoro nilichowapitishia ng'ombe.

Nina usonji, Mombasa

Ninaandika kama mtu mzima mwenye usonji, niliyetambuliwa nikiwa na miaka 24. Ninamheshimu sana Grandin, na mtoto wa Mama Baraka nimemtambua kana kwamba ni mimi. Taa ndefu za mirija zilizokuwa darasani kwetu zilikuwa zikipepesa na kuvuma siku nzima, na nilichapwa kwa kutosikiliza wakati nilichokuwa nikisikiliza ni taa. Hata hivyo naomba mambo mawili yasemwe waziwazi.

La kwanza, Grandin hufikiri kwa picha. Ukimtajia mnara wa kanisa, kichwani mwake hupita picha za minara halisi aliyowahi kuiona, mmoja baada ya mwingine, si wazo la jumla la mnara. Kutokana na hilo alijenga hoja kwamba mnyama naye, kwa kuwa hana lugha, huishi katika ulimwengu wa picha, sauti, harufu na mguso, na kwamba hofu ndiyo hisia inayotawala pande zote mbili. Mimi nina usonji na sifikiri kwa picha hata kidogo. Hufikiri kwa mpangilio, kwa hesabu na midundo. Yeye mwenyewe baadaye alirekebisha kauli yake, akaeleza kwamba wapo wenye usonji wanaofikiri kwa picha, wapo wanaofikiri kwa mpangilio, na wapo wanaofikiri kwa maneno. Vilevile alipokwenda mbali zaidi, akilinganisha vipaji vya wanyama na vya wale wachache wenye usonji walio na uwezo wa pekee kabisa, kundi la wanasayansi likiongozwa na Giorgio Vallortigara lilimpinga mwaka 2008 katika jarida la PLoS Biology. Walisema kwamba ndege anayekumbuka mahali alipoficha maelfu ya mbegu anatumia kipaji kilichokuzwa na maisha ya jamii yake ya ndege, na kwamba wanyama nao hupanga vitu katika makundi na kufuata kanuni, hawajafungwa katika vipande vidogovidogo tu. Grandin alijibu, na mjadala huo ulikuwa wa heshima. Mimi naona wapinzani wake walikuwa sahihi kuhusu nadharia, naye alikuwa sahihi kuhusu mnyororo.

La pili ni neno la jirani. Katika Kiswahili "mnyama" ni tusi zito, na watoto wetu wameitwa hivyo mno, wengine wakifichwa ndani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mwenye usonji yuko karibu na mnyama kuliko watu wengine. Kilichotokea joshoni si kwamba Baraka alikuwa kama ng'ombe. Baraka alikuwa binadamu pekee mahali pale aliyekuwa akiona kilichokuwapo. Hayo ndiyo ningemjibu jirani.

Lakini niongeze kitu kinachonigusa. Watu wamekuwa wakituambia sisi wenye usonji kwamba hatuwezi kujiweka mahali pa mwingine. Mtu asiyefanana na wenzake hulazimika kila siku kukisia wenzake wanaona nini, kwa sababu kamwe hawezi kudhani kwamba wanaona anachokiona yeye. Anayefanana na wote hana haja ya kukisia, basi hukosea vibaya anapokutana na kiumbe ambaye kweli ni tofauti. Nadhani Grandin aliinama kichochoroni kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya picha.

Mchinjaji, Tanga

Assalaam alaykum. Mimi nimefanya kazi ya machinjioni kwa muda mrefu na nimesoma maelezo yenu yote. Swali langu ni gumu kidogo: mtu anayewahurumia ng'ombe kiasi hicho, imekuwaje akafanya kazi ya kuunda machinjio?

Afisa Mifugo Mstaafu

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Swali hilo ameulizwa mara nyingi. Jibu lake siku zote limekuwa kwamba ng'ombe hawa wasingezaliwa kama tusingewafuga, na kwa hiyo tunawiwa nao maisha mazuri na kifo kisicho na hofu. Wapo wasioridhika na jibu hilo, nami siwalaumu. Lakini tazama alichofanya. Takriban nusu ya ng'ombe wa Marekani na Kanada hupitishwa katika mitambo aliyoiunda. Mwaka 1996, alipokagua machinjio kwa niaba ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ni asilimia 30 tu ya machinjio ya ng'ombe yaliyoweza kuwapoteza fahamu ng'ombe 95 kati ya 100 kwa pigo la kwanza kabla ya kuwachinja. Aliweka vipimo ambavyo hata mtu asiyesoma sana anaweza kuvihesabu: wangapi wamepoteza fahamu kwa pigo la kwanza, wangapi wameanguka, wangapi wamechomwa kwa fimbo ya umeme, wangapi wamelia, na waliolia wasizidi 3 kati ya 100. Mwaka 1999 kampuni ya McDonald's ilianza kuwakagua wauzaji wake wa nyama kwa vipimo hivyo, na hali ikabadilika haraka, kwa kuwa asiyefaulu angepoteza soko.

Kuhusu uchinjaji wa kidini, hakuupinga. Alichokipinga kwa nguvu ni ile desturi ya kumfunga mnyama mnyororo mguuni na kumning'iniza kichwa chini akiwa na fahamu zake. Alisaidia kuboresha vibanio vinavyomshika ng'ombe akiwa amesimama, na alijifunza kuviendesha yeye mwenyewe, akisisitiza kwamba kibanio kifungwe polepole bila mshtuko na kwa nguvu ya wastani: kikilegea mno mnyama hujihisi anaanguka, kikizidi humuumiza. Maarifa hayo alikuwa nayo mwilini mwake tangu siku ile alipobanwa kwa shangazi yake.

Mchinjaji, Tanga

Nimeelewa, nakushukuru. Sisi tumefundishwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, basi mchinjaji anoe kisu chake na ampe mnyama wake raha. Marehemu mwalimu wangu hakuwa akinoa kisu mbele ya mnyama, wala hakumchinja mmoja mbele ya mwingine. Lakini mahali nilipofanya kazi mwisho, sakafu ilikuwa ya utelezi, na ng'ombe walikuwa wakianguka mara kwa mara kabla ya kumfikia mchinjaji. Tulilizungumza hilo kama tatizo la usafi. Hakuna aliyelizungumza kama tatizo la hofu, nami nilikuwamo.

Mama Baraka, Dodoma

Nawashukuru nyote, na wewe wa Mombasa hasa, kwa maana jibu lako nimempelekea jirani na leo ameniletea mboga bila kusema kitu.

Jumamosi tulifika joshoni saa moja asubuhi kabla ya mifugo. Nilipita kichochoroni nimeinama, Baraka akinifuata kwa hiari yake. Niliona kanga ya mtu imeanikwa kwenye uzio upande wa kutokea, na kivuli cha nguzo kilichokatiza sakafu mahali ambapo wengi wao huwa wanasita. Baraka alisimama kwenye ngazi ya kwanza akagusa saruji kwa kiganja, nami nilipoigusa niliona imelainika kwa matope ya kijani. Tuliisugua na kumwaga mchanga, kanga tukaiondoa, na kivuli hatukuwa na la kukifanyia ila kungoja jua lipande. Ng'ombe 13 waliingia bila fimbo. Yule dume alifika mdomoni mwa kichochoro, akatetemeka ngozi, akageuka. Afisa, je, kuna namna ya kumrudisha?

Afisa Mifugo Mstaafu

Msimlazimishe msimu huu, mama. Ng'ombe akishaogopa mahali, picha ya mahali hapo hukaa naye kwa miaka. Mwogesheni nyumbani kwa bomba la mkono, na siku za josho mleteni pamoja na wenzake, apewe pumba kidogo karibu na lango, arudi. Anayemwongoza asimame upande wa bega, nyuma kidogo yake, akitaka asogee mbele, na arudi hatua moja mara anaposogea. Baraka akitaka kuwapo, awepo.